Tepu Yenye Mafundo

Mama Pacha aliapa kwamba aliyaona kwa macho yake mawili, ingawa kwa hesabu ya wapangaji wenzake siku hiyo alikuwa hospitali akijifungua hao pacha wenyewe. Alisema mwaka juzi, pale chuo cha ushonaji, palikuwa na binti mwenye mguu uliolemaa. Binti akafundishwa habari za haki, haki zikampanda kichwani, akaandika barua kwa mkuu wa chuo: mguu wangu hausukumi kanyagio vizuri, naomba cherehani ya umeme. Barua iliingia ofisini Jumatatu. Jumanne alikuta cherehani yake inashonewa na mtu mwingine, mkasi wake umefungwa kwenye gazeti na kuwekwa kizingitini, na mlinzi ameambiwa asimruhusu kupita.

"Hata kikombe chake cha chai walikitupa nje," alisema Mama Pacha, akisogeza ndoo yake chini ya bomba. "Kama vile ana ugonjwa wa kuambukiza."

"Juzi ulisema mlinzi ndiye aliyekusimulia," mpangaji wa chumba cha mwisho alimchokoza.

"Si mlinzi ana macho? Basi niliona kwa macho yake. Nyie chekeni tu. Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja."

Foleni nzima ya bombani ikacheka. Msichana aliyekuwa wa tatu kwenye foleni ndiye pekee ambaye hakucheka. Alishika mpini wa ndoo yake kwa mikono yote miwili, na zamu yake ilipofika, maji yalijaa, yakafurika, yakamlowesha miguu, mpaka Mama Pacha akamwambia, "We mtoto, umelala? Funga bomba!"

Pale chuoni msichana huyu walimwita Sentimita, kwa sababu alipima kila kitu mara tatu kabla ya kukata. Wenzake walidhani ni uangalifu. Kweli alikuwa mwangalifu, lakini uangalifu wake ulikuwa na mama aliyeuzaa. Tangu akiwa darasa la tano, katikati ya kila alichokitazama palikaa doa, kama alama ya kidole chenye mafuta kwenye kioo. Pembeni mwa doa aliona vizuri tu. Akitaka kuona uso wako aliangalia sikio lako. Barabarani hakujikwaa, uzi alitunga kwa kuulamba na kuuhisi, na mshono wake ulinyooka kuliko wa wenye macho mazima. Kilichomshinda ni vitu vidogo vilivyoandikwa. Daktari alisema miwani haitasaidia kitu. Alipomaliza darasa la saba akajiambia kwamba kazi yake itakuwa ya vidole, na hakuna atakayejua.

Shida ilikuwa namba za tepu ya kupimia. Kwake zilikuwa kama sisimizi waliokanyagwa. Basi alichukua tepu yake, akakaa nayo siku mbili, akashona fundo dogo la uzi ukingoni kila baada ya sentimita tano, na mafundo mawili kila kumi. Kwenye hamsini akaweka shanga. Sentimita zilizobaki kati ya fundo na fundo alizipima kwa ukucha wa kidole cha shahada, ambao upana wake ulikuwa sentimita moja kamili. Kidole gumba chake kilikimbia juu ya mafundo yale kikasoma kiuno, bega na urefu wa mkono upesi kuliko jicho la mtu.

Mtu mmoja tu ndiye aliyejua: mama yake mdogo, aliyemlea na aliyekuwa akisafisha maofisi ya watu ili yeye asome. Naye msimamo wake ulikuwa mmoja. "Mwanangu, wakishajua hawatakuona tena wewe. Wataona macho tu. Funga mdomo, upate cheti, kisha ukaseme na milima."

Pale chuoni palikuwa na sheria ambayo kila mwanafunzi aliijua kabla hajajua kutunga sindano. Siku ya mtihani wa mwisho hakuna kuingia na tepu yako. Zote zinaachwa kwenye beseni mlangoni, na kila mmoja anapewa tepu mpya ya chuo. Ni kwa sababu miaka ya nyuma mwanafunzi mmoja aliandika kanuni zote za kukata kola na mikono nyuma ya tepu yake, akafaulu kuliko wote, akaja kugundulika. Tangu siku hiyo, tepu yenye alama yoyote ni wizi. Ukikutwa nayo unatoka, hakuna swali.

Mtihani ulikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

*

Kila Jumatano mchana alikuja mama mmoja kutoka ofisi ya msaada wa sheria, na mkoba uliovimba kwa karatasi. Wanafunzi walimwita Mwalimu wa Jumatano. Wiki hiyo aliwafundisha sheria ya watu wenye ulemavu.

"Sheria haisemi mtu mwenye ulemavu ahurumiwe," alisema, akitembea kati ya vyerehani. "Inasema asizuiliwe. Kama kinachomzuia kinaweza kurekebishwa bila kuibomoa shule, kirekebishwe. Wenye vitabu wanaita marekebisho yanayofaa. Mimi naita kumsogezea mtu kiti akae, kazi iendelee. Lakini hakuna atakayekusogezea kiti ambacho hujasema unakihitaji. Njoo hapa mmoja, tufanye mchezo."

Aliyeruka mbele alikuwa Redio, msichana asiyezimika tangu asubuhi hadi jioni. Alikaa kwenye kiti cha mwalimu, akavimbisha tumbo, akawa mkuu wa chuo. Mwanafunzi mwingine alijifanya ana mgongo mbovu.

"Shikamoo, mkuu. Samahani sana, najua nakusumbua..."

"Marahaba. Sema haraka, nina kikao."

"Ni mgongo wangu, mkuu. Naomba kiti chenye egemeo."

"Mgongo? Hata mimi unaniuma! Mwone mkeo wa nyumbani, ah, samahani, mumeo, akukande!"

Darasa likapasuka. Mwalimu wa Jumatano alicheka pia, kisha akainua mkono.

"Mkuu wetu tutamshtaki baadaye. Lakini wewe mwenye mgongo, umeanza na samahani. Umeiba nini? Sema kinachokuzuia, sema kitakachokusaidia, sema unaomba jibu lini. Iwe kwa maandishi. Ubaki na nakala, na aliyepokea asaini kwenye nakala yako."

Redio hakutoka kwenye kiti. "Mwalimu, na mkuu akinifukuza?"

"Amevunja sheria, na mimi nitakuja tukae naye mezani."

"Utakuja lini? Wewe ni wa Jumatano. Nikifukuzwa Alhamisi, hizo siku sita nalala wapi na haki yangu?"

Wote walicheka, isipokuwa Mwalimu. Sentimita, pale kwenye kona yake ya nyuma, aliangalia sikio la Mwalimu, akaona uso wake umetulia.

"Umesema kweli," Mwalimu alijibu. "Siwezi kukuahidi kwamba hutaogopa. Mimi nina macho, nina miguu, narudi nyumbani jioni. Ndiyo maana nasisitiza karatasi. Karatasi inabaki hapa siku ambazo mimi sipo. Na wazee walisema, mficha uchi hazai. Haya, kila mtu aandike barua ya zoezi. Buni tatizo lolote."

Kalamu zikaanza kukwaruza. Sentimita alilaza karatasi pembeni ya uso wake, akaandika kwa herufi kubwa. Alikusudia kubuni. Alitaka kuandika habari za mkono uliovunjika. Lakini mkono wake wenyewe ukaandika: *Macho yangu hayasomi namba ndogo. Ninapima kwa tepu niliyoishonea mafundo. Mafundo hayo si majibu, ni namba zilezile zilizoko kwenye kila tepu. Ninaomba niitumie siku ya mtihani.* Alipomaliza aliisoma. Alikuwa anaikunja aifiche kifuani, akasikia harufu ya karatasi za mkoba karibu naye.

"Hii ni ya zoezi?" Mwalimu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ya zoezi, Mwalimu."

"Ya zoezi huwa haina tarehe," alisema. "Wewe tia tarehe." Akaenda zake kwa mwingine, wala hakugeuka.

*

Mwalimu wa ushonaji waliyemwita Mama Fundi alikuwa na tabia moja iliyomnyima Sentimita usingizi kwa mwaka mzima. Hakuwa na tepu yake. Mafundi wengi wako hivyo. Mwenye tepu ni yule aliye karibu. Mama Fundi alipita kati ya meza, mkono ukavuta tepu kwenye shingo ya yeyote, akapima, akamrudishia mwenyewe kwa kuitupa begani. Ndiyo maana Sentimita alikaa kona ya mwisho, na ndiyo maana, akisikia viatu vile vinakuja, tepu yake iliteremka mfukoni kama mjusi kwenye ufa.

Alhamisi hiyo alikuwa amechoka. Alikuwa ameinama juu ya kola, mawazo yako kwenye barua, viatu havikusikika kwa kelele za vyerehani. Tepu ikateleza shingoni mwake.

Kwanza mkono wa Mama Fundi ulifanya kazi yake: ukanyoosha tepu kwenye kitambaa cha jirani yake, ukashuka na ukingo. Kisha ukasimama. Ukarudi nyuma. Sentimita hakuhitaji macho. Alijua kidole kiko kwenye fundo la sentimita thelathini na tano.

"Nini hivi?"

Mguu wa Sentimita uliganda juu ya kanyagio. Palepale ilikuwapo nafasi. Angesema maneno matatu tu, yangekwisha. Badala yake akasikia sauti yake ikisema, nyepesi kabisa, "Ilikatika, Mama Fundi. Nikaishona."

"Ilikatika kila mahali?"

"Ilitafunwa na panya."

Redio akadakia kutoka meza ya mbele, "Panya huyo fundi, Mama! Kapima sentimita tano tano!"

Watu wakacheka. Mama Fundi hakucheka. Aliivuta tepu yote kati ya vidole, polepole, mpaka kwenye shanga, akairudisha. Safari hii hakuitupa. Aliiweka mezani, akaenda meza nyingine.

Mchana ule Sentimita alijaribu kupima kwa tepu ya Redio, laini kama ulimi, akikaza jicho mpaka kichwa kikauma. Alikata mgongo wa blauzi. Ulipounganishwa na mbele, ulipungua sentimita tano. Thelathini na nane alikuwa ameisoma thelathini na tatu.

Kwa hiyo sasa alikuwa na hofu mbili mahali pa moja. Akitumia tepu ya chuo, ataharibu na cheti kimekwenda. Akiomba kutumia yake, atakuwa mtu aliyemdanganya Mama Fundi mbele ya darasa zima, na nani humwamini mwongo akianza kusema macho yake ni mabovu?

*

Jumamosi alikwenda kumtafuta yule binti wa kisa cha Mama Pacha, mwenye mguu uliolemaa. Haikuwa kazi. Alikuwa akipiga pasi kwenye duka la dobi nyuma ya kituo cha mafuta, amezungukwa na mashati ya watu. Sentimita alijieleza kwa kuzunguka zunguka, mpaka binti akaweka pasi pembeni.

"Sema tu, mdogo wangu. Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa, dada. Nimesikia ulifukuzwa chuo. Kwa sababu ya barua. Wakatupa na kikombe chako nje."

Mpiga pasi akacheka mpaka akashika meza. "Kikombe! Sikuwahi kuwa na kikombe. Nani kafukuzwa?"

"Kwa hiyo hawakukufukuza?"

Kicheko kikamwisha. Alichukua shati jingine, akalinyunyizia maji. "Hakuna aliyenifukuza. Ndiyo shida yenyewe. Nilipeleka barua, karani akasema weka hapo, nikaweka hapo. Nikasubiri. Kila mlango wa ofisi ukifunguka, najua naitwa. Siitwi. Wiki ya pili nikaona watu wananong'ona. Labda hata hawakunong'ona, sijui. Mtu akisubiri sana anaanza kujijibu mwenyewe, na majibu yake yote ni mabaya. Wiki ya tatu nikachukua mkasi wangu, nikaufunga kwenye gazeti kwa mikono yangu, nikatoka. Mlinzi aliniaga vizuri tu."

"Hukurudi kuwauliza?"

"Niliogopa jibu."

"Ulikuwa na nakala?"

"Nakala gani?" Pasi ikapiga mvuke. "Usiniulize upeleke barua au usipeleke, nakuona unavyonitazama sikio. Mimi najua kunyoosha nguo tu. Lakini wakikufukuza angalau utajua pa kulia. Mimi mpaka leo sijui."

Sentimita alirudi nyumbani kwa miguu. Alitegemea kwamba ukweli ungemtuliza. Haukumtuliza. Kufukuzwa alikuwa amekuzoea, alikuwa amelala nako na kuamka nako. Hili la kutojibiwa lilikuwa shimo lisilo na chini.

*

Jumatatu saa mbili asubuhi alisimama mbele ya karani na barua mbili, zimefanana, zina tarehe.

"Weka hapo," alisema karani bila kuinua kichwa.

Sentimita aliweka moja. Nyingine ikabaki mkononi. "Naomba unisainie nakala yangu, dada."

"Nakala? Wewe mwanafunzi au wakili?"

"Mwanafunzi, dada. Tumefundishwa hivyo."

Karani akasonya. Kalamu ikapita juu ya karatasi, haraka, kwa hasira. Sentimita alishukuru, akatoka hadi nyuma ya choo, akapitisha kidole upande wa nyuma wa karatasi. Alihisi michubuko ya kalamu. Lakini ilikuwa saini, au karani alichora msalaba wa kumdhihaki? Hakuweza kujua, na hakuthubutu kumwonyesha mtu. Siku nzima aliibeba kifuani ikamchoma.

Jioni alimpa mama yake mdogo aisome. Mama mdogo, bado amevaa koti la kazi, aliisoma barua yote akiwa amesimama. Sentimita alisubiri kofi.

"Umeshapeleka?"

"Nimeshapeleka, mama."

"Nilikwambia nini mimi?" Sauti haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyeona mtoto yuko katikati ya barabara na gari linakuja. "Nilikwambia nini?"

"Uliniambia ninyamaze."

Mama mdogo alikaa kitandani. Kisha akasogeza karatasi kwenye mwanga wa dirisha. "Ni saini," alisema. "Ameandika 'imepokelewa', na tarehe. Sasa waliyoyapokea watayafanya nini, Mungu ndiye anayejua." Akaikunja, akaitia ndani ya bahasha ya vyeti vya kliniki, akarudi kuvua viatu. Kamba za viatu zikamshinda kufungua.

Jumanne Sentimita hakuitwa. Jumatano Mwalimu hakuja. Wiki ya mtihani haikuwa na vipindi vyake. Alhamisi mlango wa ofisi ulifunguka mara tisa, alihesabu. Mara ya nne alitoka Mama Fundi, akapita ukumbini ameshika karatasi iliyokunjwa, na aliposogea karibu na kona ya nyuma alipunguza mwendo. Sentimita akasimama. Mama Fundi akapita. Alikuwa anakwenda kufunga dirisha.

Pale ndipo alipomwelewa mpiga pasi. Tayari alikuwa anasikia watu wakinong'ona. Alitazama mkasi wake juu ya meza, akaona jinsi ilivyo rahisi kuufunga kwenye gazeti.

*

Ijumaa beseni liliwekwa mlangoni. Wanafunzi thelathini walipita mmoja mmoja, tepu zikaanguka humo zikijikunja. Juu ya meza, Mama Fundi alikuwa na sanduku la tepu mpya, za njano, na kila aliyeingia alichukua moja. Hata Redio aliongea kwa kunong'ona.

"Senti, pita basi, unaziba njia."

Sentimita alipita. Hakuangusha kitu kwenye beseni. Alitembea mpaka mezani, tepu yenye mafundo ikiwa juu ya viganja vyake viwili, na nyuma yake akasikia foleni ikisimama.

"Beseni liko kule," alisema Mama Fundi.

"Shikamoo, Mama Fundi. Niliandika barua kwa mkuu Jumatatu. Sijajibiwa." Aliweka nakala mezani. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi namba sitini, lakini haikukatika. "Hii tepu haikuliwa na panya. Nilikudanganya, na kwa hilo naomba msamaha. Lakini kwa macho sina cha kuombea msamaha. Hayasomi namba. Mafundo ndiyo namba zangu. Kila moja ni sentimita tano, unaweza kuyapima yote sasa hivi kwa tepu ya chuo, mbele ya watu. Hakuna lililofichwa. Ninaomba niitumie."

Mwenzake aliyekuwa nyuma alirudi hatua moja, kama mtu anayekwepa maji ya moto.

"Jamani," alisema Redio.

Mama Fundi alichukua nakala, akasoma neno la kwanza mpaka la mwisho, akatazama saini ya karani. Akaiweka chini. Akashika tepu ya Sentimita kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akatoa tepu mpya ya njano, akazining'iniza zote mbili sambamba, ncha kwa ncha. Kidole gumba chake kikaanza kushuka, fundo moja, fundo la pili. Kikafika kwenye shanga, sawia na hamsini ya tepu ya njano, kikasimama. Sentimita aliangalia sikio la Mama Fundi ili auone uso wake, akaona anatazama ng'ambo ya ua, kwenye mlango wa ofisi ya mkuu, ambao ulikuwa umefungwa.

Saa ya ukutani ilikuwa imeshapita muda wa kuanza.

"Mama Fundi," Sentimita alisema tena, mikono yake mitupu ikiwa bado imenyooshwa. "Naomba."